UZI: Kwa nini video zetu za kuachana zinajua kuumia lakini hazijui kupona?

#1 Raskazone_Lenzi
Wakuu salaam. Nina hoja, mnijibu kwa ufundi.

Video nyingi za mapenzi yaliyovunjika unaziamini dakika mbili za mwanzo. Kitanda kimelaliwa upande mmoja, simu kimya, mtu amekaa sakafuni ameegemea mlango. Kikifika kiitikio cha mwisho, ghafla ana miwani ya jua, ana gari na mtu mpya pembeni. Huyu amepona saa ngapi? Mtazamaji hakuonyeshwa. Tumeruka kutoka kidonda hadi kovu.

Kuna kazi inapangwa kupigwa Bagamoyo na Tanga: wimbo wa taratibu wa dakika tatu na nusu, mwimbaji wa kike, hakuna mwigizaji wa kiume kabisa. Nataka kupona kuonekane. Tatizo liko wapi hasa? Tafadhali msiniambie "weka hisia".

#2 Edita_Ngamiani
Tatizo ni hesabu ya muda, kaka. Dakika tatu na nusu ni sekunde 210. Toa ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio tena, unabaki na daraja, kile kipande kinachopeleka wimbo mwishoni, na kiitikio cha mwisho. Hapo una sekunde 50, labda 60. Na wimbo wenyewe haujapona! Mashairi yanalia hadi neno la mwisho. Mwongozaji anasubiri wimbo umruhusu, wimbo haumruhusu, basi anabandika furaha mwishoni.

Dawa yake: picha itangulie maneno. Kupona kuanze ubeti wa pili wakati sauti bado inalalamika. Mdomo unasema "siwezi bila wewe", mikono inafua mashuka. Mtazamaji anaona mwili umeanza kujua kitu ambacho mdomo haujakubali.

Halafu mkato. Wengi wanakata haraka mwishoni ili kuonyesha raha, klipu ya sekunde moja, moja na nusu. Geuza. Mwanzoni kata sekunde mbili mbili, mtu aliyechanganyikiwa hatulii na kitu. Kadiri anavyopona acha klipu irefuke: nne, sita, hata kumi. Kiitikio cha mwisho kikibebwa na klipu nne tu, umeshinda.

#3 Fundi_Rangi
Namheshimu #2 ila naona chanzo ni rangi na mwanga. Watu wanasikia "huzuni ni bluu" wanaimwaga bluu kwenye fremu nzima, pamoja na uso. Ngozi yetu ya kahawia inarudisha zaidi wekundu na manjano. Ukiipiga mwanga wa bluu peke yake inageuka kijivu, kama ya mgonjwa. Mwishoni wanamwaga chungwa, uso unakuwa kama umepakwa mawese. Mtazamaji anaona kompyuta imebadilika, mtu ni yuleyule.

Fanya hivi. Weka mizani ya weupe ya kamera Kelvini 3200 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ndogo ni chungwa, kubwa ni bluu). Uso uupe taa ya 3200 hiyohiyo, kubwa na laini, imepita kwenye shuka jeupe, mita moja hadi moja na nusu kutoka kwake. Dirisha lenye mwanga wa mchana, ambao ni kama 5600, litageuka bluu lenyewe. Una chumba cha baridi na ngozi yenye uhai. Kupona: taa ile ihamishe kidogo kidogo kila tukio kutoka ubavuni kuja mbele, na upandishe kamera 3200, 4000, 4800, 5600 huku taa ya uso ukiipandisha nayo. Bluu ya dirishani itafifia polepole bila mtu kugundua.

Taa za LED za bei poa zinatupa ukijani kwenye ngozi. Tafuta yenye CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi kama zilivyo, ya 95 kwenda juu, la sivyo utakesha unasafisha uso kwenye kuhariri.

#4 Kijana_wa_Dunda
Rahisi tu wakuu: malizeni na jua linazama baharini pale ufukweni Bagamoyo, basi. Jua likizama mapenzi yamekwisha.

#5 Nahodha_Kaole
#4 mdogo wangu, jina lako la Dunda, hapo hapo Bagamoyo, na hujui jua lako? Bagamoyo inatazama mashariki. Baharini jua linachomoza, linazama nyuma ya mji, huko kwenye minazi. Tanga hivyo hivyo. Ukitaka jua na maji kwenye fremu moja uamke.

Novemba linachomoza saa kumi na mbili kasoro dakika tano hivi, Julai saa kumi na mbili na nusu na ushei. Na huku karibu na ikweta linapanda wima, halizungukizunguki. Ule mwanga laini wa dhahabu una nusu saa, ukizembea umekwisha. Mwimbaji awe amevaa na kupakwa poda saa kumi na moja alfajiri, siyo ndiyo kwanza anaoga.

Sasa maji. Hapa ndipo pwani yetu ina kitu ambacho studio haina. Bamvua, yaani maji makubwa, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yanajaa alfajiri na jioni, yanakupwa kuelekea adhuhuri. Jahazi lililoelea alfajiri utalikuta limelalia ubavu kwenye mchanga mchana. Weka kamera mahali pamoja, miguu ya stendi ifukie na uweke alama kwa vijiti, piga dakika mbili alfajiri, dakika mbili mchana, dakika mbili jioni. Chombo kilekile kimekaa chini, kimenyanyuka. Hakuna mtu aliyelia na kila mtu ameelewa.

Kinachoharibu ni kuja siku za maji mafu. Maji hayaendi mbali, chombo hakikai chini vizuri. Angalieni jedwali la maji kabla ya kulipa nauli ya watu. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo mkiahirisha siku tatu ratiba yote imevurugika.

#6 Raskazone_Lenzi
Nahodha, asante sana. Ila mchana wa bamvua jua liko utosini, uso unakuwa na mashimo machoni.

#7 Nahodha_Kaole
Ndiyo, na ndiyo uzuri wake. Chombo kimekwama, jua kali: huko ndiko kuumia. Uso upigwe ndani ya kivuli cha ubavu wa jahazi, mchanga mweupe utarudisha mwanga kutoka chini. Huhitaji rifleta.

#8 Shangazi_Pindo
Wanangu, mmezungumza maji na taa, hakuna aliyetaja kanga. Mko Tanga kweli?

Mji huu umelelewa na taarabu, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilitoka hapa. Kwenye taarabu aliyeachwa hakimbii mvuani. Anakaa, amejipamba, ametulia, anaimba maneno ya kuchoma na uso haumtetemeki. Kupona kwake ni kuonekana amekaa vizuri mbele ya watu, na aliyemwacha apate habari. Bongo Fleva imechukua kilio cha sinema za nje ikaacha kikao cha bibi zetu. Ndiyo maana mwisho hauaminiki: msichana anapona peke yake chumbani. Nani huku kwetu kapona peke yake?

Kanga huuzwa doti, vipande viwili pacha. Tundika kipande kimoja kambani, nafasi ya cha pili iwe tupu na vibanio viwili vimebaki vinaning'inia. Mswahili yeyote ataelewa kuwa mmoja kaondoka. Baadaye kipande hicho hicho akivae, au akikunje kimbebe mtoto wa jirani.

Jina la kanga likitakiwa lisomeke, kanga ina urefu wa kama sentimita 150 na kimo 110, na jina, yaani yale maneno yake, liko chini ya mji (sehemu ya katikati), juu ya pindo la chini. Akijifunga, maneno yanakunjika au yanaangukia nyuma. Kwa hiyo lisomwe likiwa kambani, imevutwa pembe zote, kamera iwe sawa nayo bila kupinda, na mkae nalo muda wa kulisoma mara mbili kwa sauti ya kawaida. Upepo ukipiga shona vijiwe vidogo kwenye upindo wa chini.

#9 Edita_Ngamiani
Shikamoo Shangazi. Vibanio viwili vitupu hiyo naiba, nasema mapema.

#10 Shangazi_Pindo
Marahaba. Iba, ila uvibane kwa umbali wa kanga nzima, siyo vimegusana.

#11 Jukwaa_Tupu
Mimi nipo upande wa maigizo, na Bagamoyo yenye chuo cha sanaa tangu 1981 haipaswi kukosa waigizaji wa kuulizwa jambo hili. Taa, mkato na kanga vyote vinazunguka ukweli mmoja: mwimbaji haigizi kupona kwa sababu hakupewa kitendo. Anaambiwa "sasa umefurahi", anatabasamu. Tabasamu si kitendo.

Chagueni kazi moja ya mikono, ionekane mara tatu. Mfano chai. Mara ya kwanza anaweka vikombe viwili, anakumbuka, anaacha maji yachemke hadi sufuria ikauke. Mara ya pili anaweka kimoja, anamimina, hanywi. Mara ya tatu anamimina, anapuliza, anakunywa, anaendelea na lake. Sufuria ileile, pembe ya kamera ileile, urefu wa lenzi uleule. Kinachobadilika ni kwamba safari hii kazi imekwisha.

Mwilini angalieni pumzi kabla ya uso. Aliyeumia anapumulia juu, kifuani, mabega yamekwenda mbele na uzito uko kisiginoni. Akianza kupona pumzi inashuka tumboni na anaanza kugeuza kichwa kutazama vitu vya pembeni. Mtu mwenye maumivu hatazami pembeni. Mwimbisheni wimbo bila kamera mara tano akifanya kazi ile, mara ya sita ndiyo mpige.

#12 Kijana_wa_Dunda
Na machozi je? Ile video ya Sinéad O'Connor, mwimbaji wa Ireland, ya 1990, lile chozi ni gliserini, nilisoma mahali.

#13 Jukwaa_Tupu
Hapana. "Nothing Compares 2 U", mwongozaji John Maybury, karibu yote ni uso wake tu akiitazama kamera, na zile za kutembea ni bustani ya Saint-Cloud, Paris. Chozi halikupangwa. Mwenyewe alieleza kuwa alimkumbuka mama yake aliyefariki. Maybury alichofanya vizuri ni kuliacha. Edita mwenye haraka angekata kabla halijafika shavuni.

#14 Fundi_Rangi
Kwa wasio na chozi la bahati: gliserini iwekwe kwa kidripu *chini* ya jicho, pembe ya ndani, kamwe isiingie jichoni. Tone moja tu. Ni nzito, inateremka polepole kuliko chozi, kwa hiyo changanya na maji nusu kwa nusu. Mentoli ya kijiti inapakwa juu ya mfupa wa shavu, nyembamba, jicho linajaa lenyewe. Ubaya wake jicho linabaki jekundu, basi tukio la furaha msilipige ndani ya saa moja baada ya hapo. Na poda isiwe nzito, chozi linachora mfereji.

#15 Saa_ya_Ratiba
#14 umegusa ninachotaka kusema. Wakuu, mnatafuta falsafa, jibu liko kwenye karatasi ya ratiba. Watu wanapiga kwa mpangilio wa hadithi. Kuumia asubuhi, betri zimejaa, kila mtu ana nguvu. Kupona kunaangukia saa kumi na moja jioni: mwimbaji amechoka, mwanga unakimbia, mwenye nyumba anadai chumba chake, kadi ya kumbukumbu imebakiwa na dakika kumi. Mnapiga klipu tatu haraka, basi huo ndiyo mwisho wa video.

Pigeni kupona KWANZA. Alfajiri, uso mpya, jua la Nahodha. Mchana chombo kilichokwama. Usiku kulia ndani, macho yamechoka yenyewe, mentoli haihitajiki. Na gawa klipu kabla: ukipanga klipu 60, angalau 25 ziwe za kupona. Ukiona karatasi ina tisa, umeshajua video itakavyokuwa.

#16 Jukwaa_Tupu
Ratiba inasaidia, ila kuanza na kupona kunampa mwimbaji kazi ngumu: anafika mahali ambapo hajatoka. Ukifanya hivyo, siku iliyotangulia mpitishe hadithi yote kwa mpangilio, bila kamera.

#17 Msusi_wa_Barabara_ya_13
Wadau, nywele! Kila video ya kupona mtu anakata nywele kwa mkasi mbele ya kioo. Kukata ni mara moja, ukikosa fokasi hakuna kurudia. Kwetu kuna kitu kizuri zaidi: kufumua. Misuko ya rasta ikiwa 60 kichwani una nafasi 60 za kurudia. Anaanza kufumua mwenyewe peke yake, mkono unachoka, kisha mikono mingine inaingia kwenye fremu, ya dada, ya shoga yake, wanamfumua pamoja barazani. Hapo hoja ya Shangazi ya kutopona peke yako imetimia bila neno.

Angalizo: matukio yote ya misuko yamalizwe kabla. Nywele zilizofumuliwa zinabaki na mawimbi, zipigwe hivyohivyo siku hiyo, msizinyooshe. Na hesabuni saa mbili hadi tatu za kufumua, siyo dakika ishirini.

#18 Shangazi_Pindo
Ubarikiwe mwanangu.

#19 Mita_Hamsini
Kuna mambo ya kamera hayajaguswa. Kila mtu anataka kulia kwa mwendo wa polepole huku midomo inafuata wimbo. Hivi ndivyo: mradi uwe fremu 25 kwa sekunde, kamera piga 50, wimbo unaochezwa pale uwe umeongezwa mwendo hadi asilimia 200. Mwimbaji anaimba haraka mara mbili, ukiushusha hadi 25 midomo inakaa sawa na mwili unaelea. Wimbo wa mapigo 70 kwa dakika atauimba kwa 140, kwa hiyo apewe faili nyumbani siku tatu kabla. Kinachoharibu ni mabega: akiimba haraka anatikisika, na polepole inaonekana kama anasukwasukwa. Mwambie mdomo ukimbie, shingo itulie.

Halafu msipige fremu 24 kwenye taa za umeme wetu, zitacheza.

#20 Fundi_Rangi
#19 sawa kote ila hapo mwisho. Siyo idadi ya fremu, ni shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu. Umeme wetu ni hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/50 au 1/100 inameza mapepeso mazima, hata ukiwa kwenye 24 au 30. Ukiweka 1/48 au 1/60 ndiyo michirizi inaanza kutambaa, hasa kwenye taa za tyubu.

#21 Mita_Hamsini
Nimekubali, sahihisho zuri.

#22 Kijana_wa_Dunda
Vipi kurudisha nyuma? Coldplay, bendi ya Uingereza, kwenye "The Scientist", walipiga kawaida wakageuza, midomo wakairekebisha kwenye kompyuta. Ni video ya kuachana nzuri kuliko zote.

#23 Edita_Ngamiani
Mawili ya kusahihisha. Midomo haikurekebishwa. Mwimbaji wao Chris Martin alijifunza kuuimba wimbo kinyumenyume, ilimchukua kama mwezi. Na hadithi yake siyo ya kuachana tu: mwisho unaonyesha ajali ya gari iliyotangulia yote.

Kwa Kiswahili inawezekana, ila silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, ukizigeuza zinaanza na irabu. "Nimeumia" inakuwa "aimuemin". Msikariri yote kwa ukamilifu. Jicho la mtazamaji linakamata herufi za midomo kufunga, b, p na m, na zile za meno kwenye mdomo, f na v. Hizo ziwe sahihi, k na g hakuna atakayeziona. Msaliti wenu ni moshi, maji na nguo: mawimbi yakirudi baharini kinyume kila mtu anajua, basi msipige ufukweni.

#24 Raskazone_Lenzi
Nataka mvua ya tukio moja, usiku, uchochoro wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo.

#25 Mita_Hamsini
Mvua haionekani mpaka mwanga utoke nyuma yake. Taa moja kali nyuma ya mwimbaji, juu, kamera isiione, na ukuta wa nyuma uwe giza. Mpira wa bustani wenye rozi, kile kichwa cha matundu cha kumwagilia, umeshikwa mita nne juu, maji yapigwe kwenda *juu* yaanguke yenyewe, ukiyaelekeza chini yanaonekana ni mpira. Kwa lita 25 kwa dakika, tanki la lita 1000 lina dakika 40, kwa hiyo fungua wakati wa kupiga tu. Shata 1/50 matone yanakuwa nyuzi, 1/500 yanakuwa shanga. Jenereta liwe mbali upande wa juu wa mteremko, viungio vya waya viinuliwe kwenye viti na kufungwa nailoni. Hilo la waya msilifanyie mchezo.

Binafsi ningeiacha mvua. Kila mtu anayo.

#26 Nahodha_Kaole
Nami naongeza: pale Kaole kuna makaburi na misikiti miwili ya kale. Nimeona watu wakimwegemeza mwimbaji kwenye kaburi ili alie. Yale ni makaburi ya watu, na eneo ni la mambo ya kale, kuna utaratibu wa kibali. Kuachwa na mpenzi si msiba wa kulalia kaburi la mwenzio. Droni nayo ina kibali chake, cha mamlaka ya anga, TCAA.

#27 Saa_ya_Ratiba
Naunga mkono 100%.

#28 Mtanga_wa_Baiskeli
Rangi ya kupona isiwe kanuni. Beyoncé 2016 kwenye "Hold Up" anatoka mlangoni maji yakimwagika, gauni la manjano linang'aa kama sikukuu, kisha anavunja vioo vya magari kwa rungu la besiboli. Manjano pale ni hasira, hajapona. #3, taa zako zingemsomaje?

Na kwa Tanga nawaomba baiskeli. Mwanzoni anabebwa kwenye keria akiwa amekaa upande, mwishoni anaendesha mwenyewe, keria tupu. Kamera iwe juu ya baiskeli ya pili mbele yake, lenzi pana ya milimita 24, barabara zile zilizonyooka za mjini asubuhi ya Jumapili. Upepo wa tairi upunguzeni kidogo, mtetemo unapungua.

#29 Fundi_Rangi
#28 swali zuri. Ningesema hapo manjano yamebebwa na nguo, siyo mwanga, kwa hiyo uso unabaki huru kusema chake. Lakini umenitikisa kidogo kwenye "kidogo kidogo" yangu. Labda kupona hakupandi ngazi kwa mpangilio.

#30 Edita_Ngamiani
Hakupandi. Ndiyo maana katikati ya klipu ndefu za mwisho mimi huirudisha moja ya mwanzo, sekunde moja tu, kitanda kile. Kisha naendelea.

#31 Jukwaa_Tupu
Hapo sikubaliani. Ukirudisha kitanda umemwambia mtazamaji, hujamwonyesha. Mwache mwimbaji asite katikati ya chai.

#32 Shangazi_Pindo
Mtabishana hadi maji mafu. Raskazone_Lenzi, huyo mwimbaji ana kanga au mnamnunulia? Mpya ina wanga, inasimama kama karatasi. Ifueni mara mbili tatu kwanza, ianikwe kivulini, ndipo itaanguka mwilini vizuri.

#33 Raskazone_Lenzi
Tunanunua doti kesho, Shangazi. Nahodha, baada ya mwezi mpevu ujao jahazi la mbao linapatikana, au ni ngalawa tu?

#34 Nahodha_Kaole
Jahazi kubwa linategemea mzigo, halingoji kamera. Ombeni mashua, inakaa chini vizuri na wenyewe wapo. Ngalawa ina matengo, zile mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, pande mbili, hailali ubavu, itakuharibia picha. Mkubaliane na nahodha wake asiisukume majini mpaka maji yaichukue yenyewe, na mumlipe siku nzima, maana siku hiyo havui.